Paka na mbwa: akili zao zinatofautianaje, na yupi umchukue?

Ukitaka mnyama atakayekuelewa wewe, chukua mbwa. Ukitaka mnyama atakayeielewa nyumba yako hata usipokuwepo, chukua paka. Hilo ndilo jibu langu. Sikubali jibu lililo fupi kuliko hilo, lile la "mbwa ana akili kuliko paka", ambalo watu wengi wanalirudia utadhani limeshathibitishwa likafungwa.

Ubishi huu huwa mkali kwa sababu kila upande unaleta ushahidi wa nyumbani kwake. Mwenye mbwa atakwambia wake anaijua sauti ya pikipiki ya baba kabla haijakata kona. Mwenye paka atakwambia wake amejifunza kufungua kabati la vyombo kwa mguu mmoja. Wote wanasema kweli, ila wanapima vitu viwili tofauti kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana hawafiki mwisho.

Wakikwama, wanafanya nini?

Mwaka 2005 watafiti wa Budapest, nchini Hungary, wakiongozwa na Ádám Miklósi, waliwapa mbwa na paka wa majumbani kazi ileile. Kwanza chakula kiliwekwa mahali ambapo mnyama aliweza kukitoa mwenyewe, naye akajifunza kukitoa. Kisha kikafungwa palepale kisitoke kwa namna yoyote, mwenye mnyama akiwa karibu. Mbwa walijaribu, wakaona hakitoki, wakageuka kumtazama mtu. Wakatazama chakula, wakamtazama mtu tena. Paka waliendelea kupambana na chakula wenyewe, na macho yao yalimwelekea mtu mara chache zaidi.

Jaribio hili dogo linaeleza mengi kuliko orodha zote za wanyama werevu zinazozungushwa mitandaoni. Kwa mbwa, binadamu ni sehemu ya suluhisho. Kwa paka, suluhisho liko kwenye makucha na uvumilivu wake. Darasani yupo mwanafunzi anayenyoosha mkono kumwuliza mwalimu, na yupo anayebaki nyuma akifuta na kukokotoa upya; hakuna mwalimu wa maana atakayesema mmoja wao hana akili kwa sababu hiyo tu.

Utafiti huohuo ulikuwa na kipimo kingine ambacho hakisimuliwi sana. Chakula kilifichwa katika chombo kimoja kati ya viwili, na mtu akanyoosha kidole kuonyesha kilipo. Paka walifuata kidole, na kwa kiwango hiki hawakupitwa na mbwa. Kwa hiyo ile kauli kwamba paka haelewi ishara za watu si kweli. Anaelewa. Tofauti ni kwamba mbwa huzitafuta ishara hizo bila kuambiwa, na paka huzitumia akiona zina faida.

Na kwa wale wanaoamini kwamba akili ya kusoma ishara ni ya mbwa wa kizungu tu waliofunzwa, watafiti wa India, Anindita Bhadra na wenzake, walifanya jaribio la kidole kwa mbwa wa mitaani, wasio na mwenyewe na ambao hawajawahi kufundishwa chochote. Wengi waliogopa hata kusogea. Lakini kati ya waliosogea, takriban 80% walikwenda kwenye chombo kilichoonyeshwa. Mbwa koko wetu ni wa aina hiyohiyo ya maisha: wanazaliwa uchochoroni, wanaishi kwa kusoma nani atawarushia jiwe na nani atawaachia mfupa. Wanaomdharau mbwa wa kienyeji kwa sababu hana karatasi za ukoo wanakosa mnyama mzuri sana.

Tofauti hii imetoka wapi

Mbwa ametokana na mbwa mwitu wa kijivu (kwa Kiingereza "wolf", si mbwa mwitu wa mbuga zetu), wanyama wanaoishi kwa ukoo na kuwinda kwa pamoja mawindo makubwa kuliko mmoja wao. Mwindaji wa namna hiyo lazima amtazame mwenzake: anaelekea wapi, amechoka, anataka kuzunguka kushoto au kulia. Uhusiano wa mbwa na binadamu una umri usiopungua miaka 14,000, tangu enzi ambapo watu wenyewe walikuwa wawindaji. Alikuja akiwa na macho ya kumsoma mwenzake, akayahamishia kwetu.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo yuko porini Tanzania na Kenya, na ukimwona ghafla usiku unaweza kudhani ni paka wa jirani aliyepotea. Huyu huwinda peke yake, kwa sababu panya mmoja ni mlo wa mdomo mmoja, hakuna cha kugawana. Alianza kuishi karibu na watu takriban miaka 10,000 iliyopita huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Kisiwani Cyprus lilipatikana kaburi la miaka 9,500 ambamo paka alizikwa kando ya mtu. Ni ukaribu mkubwa, lakini tazama ulivyoanza: hakuna aliyemfundisha kazi. Panya walifuata nafaka, yeye akafuata panya, watu wakaona faida wakamwacha. Kazi yake aliijua kabla hajatufahamu.

Ndiyo maana kumlaumu paka kwamba hatii amri ni kumdai kitu ambacho maumbile yake hayakuhitaji.

Ubongo

Wapenzi wa mbwa wanayo hoja moja nzito hapa. Mwaka 2017 mtafiti Mbrazili Suzana Herculano-Houzel, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na wenzake walihesabu niuroni, yaani seli za neva, katika gamba la ubongo la wanyama kadhaa wala nyama. Gamba hilo ndilo linalohusika na kupanga, kukumbuka na kuamua. Paka alikutwa na niuroni kama milioni 250. Mbwa alikuwa na takriban milioni 530 kwa wastani, zaidi ya mara mbili. Binadamu ana kama bilioni 16.

Vyombo vya habari vikatangaza ushindi wa mbwa. Lakini mbwa waliopimwa walikuwa wawili tu, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na hata kati yao idadi zilipishana sana. Katika utafiti huohuo dubu wa kahawia, ambaye ubongo wake ni mkubwa kama mara kumi ya ule wa paka, alikutwa na niuroni karibu sawa na za paka. Wingi wa niuroni unatuambia uwezo uliopo. Hautuambii mnyama anautumia uwezo huo kwa kazi gani. Hapa nampa mbwa alama yake, na ni alama halali, ila haimalizi mchezo.

Maneno na majina

Kwenye maneno mbwa ameshinda, na kwa mbali. Chaser, mbwa jike wa jamii ya Border Collie, ile inayochunga kondoo mpakani mwa Scotland na Uingereza, alifundishwa na John Pilley, profesa mstaafu wa saikolojia wa jimbo la South Carolina, Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba alijua majina ya vitu 1,022: mipira, wanasesere, visahani vya kurusha. Ukimwambia alete kitu fulani kilichochanganywa na vingine, analeta chenyewe. Ukitaja jina ambalo hajawahi kulisikia, na kati ya vitu kuna kimoja asichokijua, anachukua hicho kigeni. Alijua kwamba jina jipya lazima ni la kitu kipya. Alifundishwa kwa saa kadhaa kila siku kwa miaka mitatu, na hiyo si kazi ambayo wengi wetu tunaweza kuifanya hata kwa watoto wetu. Mbwa wa kawaida hafiki popote karibu na idadi hiyo.

Paka je? Atsuko Saito na wenzake nchini Japani walichapisha mwaka 2019 majaribio waliyofanya kwa paka wa majumbani na wa mkahawa mmoja wa paka. Mtu alitamka maneno manne ya kawaida yenye urefu na lafudhi sawa na jina la paka, kisha akatamka jina lenyewe. Paka walianza kwa kusikiliza, wakazoea, wakapuuza. Jina lao lilipofika, masikio yaligeuka na kichwa kikasogea, hata msemaji alipokuwa mtu wasiyemfahamu. Ni wachache waliojisumbua kuinuka. Kwa hiyo ukimwita paka wako na asije, tambua kwamba amekusikia na amejua ni yeye anayeitwa.

Mwaka 2024 Saho Takagi, pia wa Japani, alionyesha kwamba paka huunganisha neno na picha baada ya kulisikia mara chache tu, bila zawadi ya chakula na bila mtu kuwafundisha. Picha na neno vilipobadilishana walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi, dalili kwamba wameona jambo haliko sawa. Wanajifunza wakiwa wamekaa kimya pembeni, na ukimya huo ndio tunaodhani ni ujinga.

Ramani ya nyumba

Sasa niende upande ambao paka haongelewi vya kutosha, na ambao mimi unanivutia kuliko maneno yote ya Chaser.

Takagi na wenzake walifanya jaribio jingine, lililotoka mwaka 2021. Paka alikuwa ndani peke yake. Akasikia kutoka kwenye spika sauti ya mwenyewe akimwita, mara kadhaa, kutoka mahali pamoja. Halafu ghafla sauti ileile ikatoka mahali pengine, mbali, kwa haraka ambayo hakuna mtu angeweza kufika huko. Paka walishtuka: masikio, macho, kichwa. Sauti ya mtu mgeni ilipohama hivyo hivyo hawakushtuka kwa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba paka, akiwa amelala zake juu ya kochi, anajua kichwani uko chumba gani ingawa hakuoni, na anashangaa ukiwa mahali ambapo hukupaswa kuwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, David McVea na Keir Pearson, waliangalia kitu kidogo zaidi. Paka alivuka kizuizi kwa miguu ya mbele, akasimamishwa katikati kizuizi kikiwa chini ya tumbo lake, akapewa chakula cha kumshughulisha. Wakati huo kizuizi kikashushwa bila yeye kuona. Alipoendelea kutembea, miguu ya nyuma iliinuka juu sana, sawasawa na urefu wa kizuizi ambacho hakikuwepo tena. Kumbukumbu hiyo ilidumu hata dakika kumi. Mwili wake uliandika kilichopo njiani na haukufuta.

Ukitaka kuiona akili hii ikifanya kazi, nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au kwenye gati la Lamu mashua zinapoingia. Achana na paka wanaolia. Mtafute yule aliyekaa kimya nyuma ya mpaa samaki. Nilimtazama mmoja wa namna hiyo Feri, wa rangi ya majivu mwenye sikio lililochanika. Hakutazama samaki hata kidogo. Alitazama mkono wenye kisu, na ndoo. Mkono ulipoacha kisu na kushika mshikio wa ndoo, alikuwa ameshaondoka, na matumbo ya samaki yalipomwagwa ukingoni yeye alikuwa amesimama pale pale yanapoangukia, wenzake wakiwa bado wanakimbia. Huyo hakufundishwa na mtu. Amekusanya siku baada ya siku nani hufanya nini, kwa mkono upi, kabla ya nini.

Mbwa naye ana kumbukumbu, tusimwonee. Mwaka 2016 Claudia Fugazza na wenzake wa Budapest walionyesha kwamba mbwa waliofundishwa kuiga watu waliweza kukumbuka na kuiga kitendo cha mtu hata walipokuwa hawakutarajia kuulizwa. Angalia tu anachokumbuka: mtu alifanya nini. Paka wa Takagi alikumbuka mtu yuko wapi. Kila mmoja anahifadhi kile ambacho ukoo wake ulikihitaji.

Kufundishika si ndiyo akili yote

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Kanada, Stanley Coren, alitoa orodha ya jamii za mbwa kwa akili ya utii, akitegemea maoni ya waamuzi wa mashindano ya mbwa. Border Collie alikuwa wa kwanza. Pili kutoka mwisho alikuwa Basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo asiyebweka.

Jiulize huyo Basenji anafanya nini kwao. Anawinda msituni pamoja na watu, akiwa na kengele shingoni ili mwenyewe ajue alipo kwenye vichaka vizito, anasaka na kufukuza mnyama kuelekea kwenye nyavu, na maamuzi mengi anayafanya mwenyewe kwa sababu hakuna mtu wa kumpigia mluzi kila hatua. Mnyama wa kazi hiyo akiwekwa uwanjani aambiwe "kaa, simama, kaa" lazima afeli. Orodha ya Coren ni nzuri kwa anayetafuta mbwa wa kumfundisha haraka. Wanaoitumia kupima akili yote ya mbwa wanaitumia vibaya, na paka wamepimwa kwa kosa hilohilo miaka yote.

Hata hivyo kufundishika kuna thamani kubwa, na hapo paka hana la kujibu. Huko Usa River, karibu na Arusha, wamekuwa wakifundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona chini ya mpango wa African Wildlife Foundation, kisha wakapelekwa kazini kwenye viwanja vya ndege na bandari za Afrika Mashariki. Mbwa anapita kati ya mizigo, akikuta harufu aliyofundishwa anakaa chini kimya na kusubiri. Malipo yake ni mpira wa kuchezea na sifa za mtu wake. Paka ana pua nzuri pia, ila hatakaa kimya mbele ya sanduku la mia mbili kwa sababu tu wewe utafurahi.

Wala nisiseme ni mbwa pekee. Morogoro, shirika la APOPO likiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 baada ya kugundua mabomu ya ardhini 39 na silaha nyingine 28 ambazo hazikulipuka huko Kambodia. Mnyama anayefukuzwa na paka amepata nishani ambayo paka hajawahi kuifikiria.

Kuna mahali wote wawili huanguka. Ukifunga chakula mwisho wa uzi, ukaweka na uzi mwingine usio na kitu, ukazipishanisha, mbwa huenda moja kwa moja pale chakula kilipo karibu na pua yake badala ya kufuata uzi wenyewe, na paka huvuta uzi wowote. Mantiki ya "hiki kimeungana na kile" hawana, au hawaijali.

Jaribu kwako

Kabla hujaamua kwamba wako ni mjinga, mpime vizuri. Chukua vikombe viwili visivyopitisha mwanga, weka kipande cha dagaa chini ya kimoja bila yeye kuona, na vyote vipake harufu ya dagaa ili pua isimsaidie. Simama katikati, nyoosha kidole, subiri. Rudia mara kadhaa ukibadilisha upande bila mpangilio.

Kwa paka fanya na jaribio la jina: mtu mwingine aseme maneno manne yenye urefu wa jina lake, kwa sauti ileile, akipumzika kati ya neno na neno. Kisha jina. Tazama masikio, usisubiri aje.

La kikopo ndilo litakuonyesha tabia yake. Weka chakula kwenye kopo lenye mfuniko uliolegea, mwache afungue hadi azoee. Kisha kaza mfuniko na ukae karibu bila kusema neno. Hesabu anakutazama mara ngapi. Usimwache ahangaike sana. Dakika mbili zinatosha, halafu mfungulie. Paka mpime kabla ya mlo, na ndani ya nyumba aliyoizoea. Ukimpeleka mahali pageni utapima woga wake tu, na hata maabara nyingi zimekwama hapo.

Sasa, yupi umchukue?

Una uzio na eneo, unatoka asubuhi unarudi jioni, na unataka ulinzi. Mbwa. Akili yake ya kutofautisha mtu wa nyumbani na mgeni ndiyo unayoinunua. Lakini usimfunge mnyororo mchana kutwa. Mbwa anajifunza kwa kuwatazama watu na kufanya nao kitu. Aliyefungwa bandani tangu utotoni hajifunzi nani mwema na nani mbaya, anajifunza kuogopa wote, na mbwa mwenye woga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani. Hili linaniuma sana kila ninapopita mtaani nikaona mbwa mzuri akizunguka kwenye duara la futi chache, halafu mwenyewe analalamika kwamba hana akili.

Una duka la nafaka au stoo yenye panya. Paka, ila ujue unachopata. Mwaka 2018 Michael Parsons na wenzake waliripoti kilichoonekana kwenye kituo cha taka huko Brooklyn, New York. Katika siku 79 za kurekodi, paka walijaribu kuua panya wakubwa mara tatu tu, wakafanikiwa mara mbili. Panya mkubwa anauma, na paka anajua kupima hatari. Panya nao walijificha zaidi paka walipokuwepo. Kwa hiyo paka atakusaidia kwa vipanya vidogo na kwa kuwafanya wakubwa waogope kujitokeza. Magunia yaliyopasuka na mashimo ya ukutani ni kazi yako. Na ile desturi ya kumnyima paka chakula ili awinde iachwe. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Pia ni mla nyama hasa, ugali na maziwa peke yake vitamdhoofisha. Mpe dagaa, samaki, utumbo wa kuku uliopikwa.

Unaishi chumba na sebule, nyumba ya kupanga, wapangaji wenzako ni wengi. Paka, bila kufikiri mara mbili.

Una watoto wanaotaka rafiki wa kucheza naye na kumfundisha. Mbwa, ikiwa kuna mtu mzima wa kusimamia. Ila usiamini kwamba paka hana mapenzi. Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State waliwaacha vitoto vya paka peke yao dakika mbili katika chumba kigeni, kisha mwenye paka akarudi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, kama 64% walitulia mara walipomwona, wakamsalimu, wakarudi kuchunguza chumba. Kiwango hicho kinafanana na cha watoto wachanga wa binadamu kwa wazazi wao. Paka anakuhitaji. Hakuonyeshi kwa kuruka ruka.

Nyumba za Kiislamu, hasa pwani ambako madhehebu ya Shafii ndiyo ya wengi, zina hesabu yake. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na Kurani, Sura ya Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Kwa hiyo mwenye shamba anaweza kufuga mbwa akamjengea banda lake nje, na vyombo vyake vikawa mbali na vya watu. Paka ni tohara, anazunguka ndani bila shida, na ndiyo sababu moja kubwa utakuta Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejaa paka.

Mzee anayeishi peke yake ningempa paka kwanza, kwa sababu hahitaji kutembezwa. Lakini kama mzee huyo bado ana nguvu na analima, mbwa atamlazimisha atoke, na hiyo ni dawa.

Wanaotaka wote wawili wawachukue wakiwa wadogo. Kitoto cha paka huwa tayari kuwazoea watu na wanyama wengine kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Kitoto cha mbwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi. Dirisha hilo likifungwa, hata akili iwe kubwa kiasi gani, kazi inakuwa ngumu mno. Mwulize anayekupa kama walishikwa shikwa na watu walipokuwa na mama yao, na usiwatenganishe na mama kabla ya wiki nane. Akifikisha miezi mitatu, awe paka au mbwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, kisha rudia kila daktari anapokupangia. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu hautibiki, na karibu wote wanaoupata duniani huupata kwa kung'atwa na mbwa. Kadi ya chanjo itunze nyumbani, na mtoto aking'atwa au kukwaruzwa mwosheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mfike hospitali siku hiyohiyo.